HDMI ya fiba, HDBaseT au SDI kwa ukumbi wa Kisumu?

Nyanza_AV: Wadau, ukumbi wa mikutano hapa Milimani unataka 4K (picha ya pikseli 3840 kwa 2160) kutoka meza ya mitambo hadi jukwaani. Nimeletewa bei za HDBaseT (picha kupitia kebo ya mtandao), SDI ya 3G (kebo ya koaksi, kama za studio za TV) na HDMI ya fiba (HDMI yenye nyuzi za kioo ndani). Mwenye ukumbi analipa Ijumaa. Nichukue ipi?

Waya_Nakuru: Mita ngapi? Skrini gani? Hezi 30 au 60? 4K ya hezi 60, biti 8, rangi kamili (4:4:4), hula gigabiti 17.82 kwa sekunde kwenye HDMI. Hezi 30 ni 8.91. HDBaseT za zamani mwisho wake ni 10.2, kwa hiyo neno "4K" kwenye boksi halitoshi.

Nyanza_AV: Mita 55. Skrini ni LED ya P3.9 (nukta moja kila milimita 3.9), mita 6 kwa 3.

Fundi_Bungoma: Basi 4K ya nini? Paneli ya nusu mita ina pikseli 128 kwa 128. Paneli 12 kwa 6 zinakupa 1536 kwa 768, hata 1080p (1920 kwa 1080) haijai. Weka SDI: 1080p60 ni gigabiti 2.97, koaksi nzuri ya RG6 inafika mita 55, na kichwa chake cha BNC, cha kuzungusha na kufunga, hakichomoki mtu akikwaa waya.

Waya_Nakuru: Na laptopu za wageni? Kila moja itataka kigeuzi cha HDMI kwenda SDI, tena kisichobadili ukubwa wa picha kitakataa 1920 kwa 1200. HDBaseT ni rahisi zaidi.

Kakamega_Sauti: HDBaseT sawa, lakini kagua kebo. Kuna ukumbi huku picha ilikuwa ikizimika kila taa za jukwaa zikipandishwa. Wakabadilisha kipokezi, wapi! Kebo ya mtandao ya Cat6 ilikuwa alumini iliyopakwa shaba, imelazwa mfereji mmoja na nyaya za taa, na mita zilizobaki zimeviringwa chini ya jukwaa. Ilitulia ilipowekwa shaba tupu yenye ngao, kipande kimoja, mfereji wake. Kwangua waya kwa kisu. Ukiona weupe, rudisha dukani. Au unganisha ncha za jozi moja upande wa pili, upime: mita 55 za shaba ya unene wa AWG 23 ni kama omu 7.5, kwenda na kurudi. Ikifika 11, hiyo ni alumini.

Fundi_Bungoma: Kwani prosesa ya LED, ile inayogawia paneli picha, lazima ikae jukwaani? Iweke mezani. Pikseli zako ni 1,179,648, na poti moja ya gigabiti hubeba kama 650,000 kwa hezi 60. Kebo mbili za Cat6 hadi kwenye paneli, umemaliza.

Waya_Nakuru: Na wakiongeza projekta mwakani? Pitisha fiba ya kawaida, isiyo na vichwa vya HDMI, sasa hivi. Ile HDMI ya fiba ina upande wa chanzo na upande wa skrini. Ikivutwa kinyume kwenye bomba, ni kuitoa yote.

Nyanza_AV: Bomba lililopo ni la milimita 20, na tayari lina kebo za maikrofoni. Kichwa cha HDMI kitapita humo?