Vitz, Aqua au Leaf: kwa nini gari za siku hizi zimekuwa nzito hivi?

Mwana_Gongolamboto
Wakuu, kwema? Najipanga kuagiza kigari kutoka Japani, cha mizunguko ya Dar na safari za Iringa kusalimia wazee. Mchujo umebakiza tatu: Vitz ya 2012 ya cc 1000, Aqua ya mwaka huohuo, ile haibridi ya petroli na umeme, na Leaf ya umeme mtupu. Nilipofika kwenye safu ya uzito nikashangaa. Vitz kilo 970, Aqua 1,080, Leaf inacheza kwenye 1,500. Zote milango mitano, zote za watu watano. Starlet ya mzee enzi zile ilikuwa kama kilo 800, na ilibeba familia, gunia la mchele na kuku juu. Hizi kilo zimeingilia wapi? Na kati ya hizi tatu, ipi imezibeba kwa faida?

Fundi_Bodi_Ilala
Mkuu, nyingine huwa nazifumua kwa mikono yangu. Vua ngozi ya mlango wa Starlet ya zamani: utakuta kioo na mashine ya kukipandisha, kilichobaki ni upepo. Vua ya gari ya sasa: kuna bomba la chuma limelazwa kutoka upande wa bawaba hadi kwenye kitasa, ili ukigongwa ubavuni mlango usikufuate kwenye kiti. Nguzo ya kati nayo kwa gari nyingi za kisasa ni chuma ambacho drili ya kawaida inateleza tu juu yake. Na usimruhusu mtu akipashe moto kwa gesi ili akinyooshe. Ugumu ule ulitiwa kiwandani, chuma kilichomwa kikapozwa ghafla. Ukikipasha ovyo kinalainika, rangi inapigwa, gari inang'aa, mteja anashukuru, kumbe ubavu umeshakuwa boksi.

Juu ya hapo weka eabegi, ABS inayozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki, kompresa ya AC, mota za vioo, na nyaya. Nyaya peke yake kwenye gari za kifahari zinafika makumi ya kilo.

Mswahili_Hamburg
Huku Ulaya ukitaka kuona uzito ulivyopanda, ifuate Golf ya Volkswagen. Ya kwanza ya 1974 ilikuwa karibu kilo 800. Ya kizazi cha nane iko kwenye 1,300 hivi, kutegemea injini. Usalama umechangia, sikatai. 1997 Euro NCAP, wale wapima usalama wa gari Ulaya, walipoanza kugonga gari hadharani, Rover 100 iliambulia nyota moja, na haikudumu sokoni baada ya hapo. Hakuna kiwanda kilichotaka aibu ile.

Lakini tusiusingizie usalama kwa kila kilo. Golf hiyohiyo imerefuka zaidi ya nusu mita. Kila toleo lazima liwe kubwa kuliko lililopita, hadi Polo ya leo, ambayo ndiyo mdogo mtu, ni ndefu kuliko Golf ya kwanza. Halafu uzito huzaa uzito. Bodi ikikua inadai injini yenye nguvu, injini inadai breki kubwa, breki zinadai rimu kubwa, rimu zinadai tairi pana na shokapu za kuzimudu. Hakuna aliyekaa akaamua gari iongezeke kilo 500.

Binti_Nyali
Nyie wa Dar mmeisahau Demio. Mazda walipoitoa ile ya 2007 walikuwa wameipunguza karibu kilo 100 kulinganisha na iliyoitangulia. Hata Toyota, Land Cruiser 300 ni nyepesi kwa kama kilo 200 kuliko ile 200 iliyoondoka, wameingiza alumini kwenye milango, boneti na paa. Kwa hivyo wakitaka wanaweza. Shida ni sisi wanunuzi: mtu akipata pesa kidogo tu, lazima akae juu. Hapa Mombasa watu wanaenda soko la Kongowea na gari ya tani mbili kununua sukuma na nyanya.

Shemeji_wa_Volti
Leaf msiionee. Uzito wake mwingi wa ziada ni betri: kwenye ile ya kWh 24, yaani uniti 24 za umeme, pakiti nzima ni kama kilo 300. Na umeme wote uliomo humo, ukiupima kwa nishati, ni sawa na petroli lita 3 ambazo hazijatimia. Petroli ni mzigo mdogo wenye nguvu za ajabu, tanki la lita 40 likijaa ni kama kilo 30 za mafuta basi. Kinachoiokoa Leaf ni mota, haipotezi sana. Injini ya petroli, sehemu kubwa ya mafuta yako inaishia kuwa joto.

Kwa foleni za Mwenge ni tamu, imesimama haili kitu zaidi ya AC. Kwa Iringa, mkuu, sahau. Betri yake haipozwi kwa maji, joto linaichosha, na ya 2012 haitakuja na uwezo ule wa kiwandani. Ukiletewa picha ya dashibodi, hesabu vibaa vidogo pembeni ya geji ya chaji. Ikiwa mpya vinakuwa 12.

Bosi_wa_Prado
Mtaongea yote, ila nikigongana na Vitz najua nani atashuka akitembea.

Mswahili_Hamburg
Kaka, huo usalama umeukopa kwa mwenye Vitz, na yeye hujamuuliza. Ukikumbana na mbuyu au lori la mchanga, kinachokuokoa ni pua ya gari ilivyoundwa kujikunja, zile tani zako hazikusaidii sana. Ndiyo maana Paris walipiga kura Februari 2024 kuwatoza wageni wenye magari mazito maegesho mara tatu: ya mafuta na haibridi kuanzia tani 1.6, ya umeme kuanzia tani 2.

Bosi_wa_Prado
Paris sina shamba, mimi shamba langu liko Handeni. Masika njoo na Aqua yako tuonane.

Binti_Nyali
Hapo ametushika 😂

Konda_Mstaafu
Kabla hajatokea wa kusema gari hizi zinaharibu lami: uharibifu hupanda takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ikilemewa mara mbili, lami inaumia mara 16. Kwa hesabu hiyo, ukiziweka Vitz na Leaf mbele ya semi trela la Tunduma, zote mbili ni vumbi.

Uzito utaukumbuka kwenye mteremko. Aqua ukishuka mlima Kitonga, njia ya Iringa, inarudisha umeme kwenye betri, jambo zuri, ila betri yenyewe haifiki kWh 1, inajaa hujafika chini. Weka gia kwenye B mapema, injini ikushikie gari. Wengi wanaacha D na kukanyaga breki mfululizo mpaka zinanuka.

Mwana_Gongolamboto
Nimewasoma wakuu. Leaf naiweka pembeni, labda siku nikiwa na gari mbili. Vitz ya cc 1000 ikiwa na watu wanne na mizigo ya bi mkubwa, kupanda Kitonga itanung'unika. Kwenye zile kilo 110 za Aqua zimo betri na mota, angalau zinanisukuma nikipanda na kunirudishia nikishuka. Bosi wa Prado, Handeni nitakuja kiangazi. Swali moja: nasikia feni ya kupoza betri ikiziba vumbi, betri inakufa mapema. Kuna aliyeisafisha mwenyewe?

Fundi_Bodi_Ilala
Tundu lake la kuvuta hewa liko kwenye kiti cha nyuma, usilizibe na begi wala nguo. Kichujio kikiwepo, unaweza kukitoa na kukipuliza mwenyewe. Feni yenyewe peleka kwa anayejua haibridi, na nyaya za rangi ya chungwa usiziguse hata gari ikiwa imezimwa.