Dawa za saratani na masikio: tupeane uzoefu

Mpima Masikio (Unguja): Kaletwa tena mgonjwa, mama mmoja, watoto wake wanasema kawa jeuri, akiitwa na feni inazunguka haitiki. Kumbe yuko mzunguko wa nne wa sisplatini, dawa ya saratani, sikio halijapimwa hata mara moja. Sauti nene, mpaka hezi 2,000, anasikia sawa. Nyembamba, kuanzia 4,000, chati inaporomoka, masikio yote mawili. Seli zenye vinywele zilizo mlangoni mwa konokono wa sikio (kile kiungo cha ndani cha kusikilia) hupokea sauti nyembamba, ndizo zinazokufa mwanzo. Zikishakufa hazioti. Nyie mwapima lini?

Nesi wa Chake: Kabla ya dozi ya kwanza, halafu kabla ya kila mzunguko. Sauti ikibidi iongezwe ukubwa kwa desibeli 20 kuliko kipimo cha kwanza, kwenye masafa (hezi) mamoja, au 10 kwenye mawili yaliyopakana, daktari anaitwa. Na mchungulie nta kwanza!

Mkaazi wa Wete: Thomu kwenye mafuta ya nazi, vuguvugu, matone mawili.

Mpima Masikio: Tone linaishia kwenye ngoma ya sikio, ndugu yangu. Sisplatini imeingia ndani kwa damu.

Mfamasia: Kuku seli hizo humwotea tena. Binadamu hapana.

Mkaazi wa Wete: Basi tule kuku 😂

Mfamasia: Cheka. Kuna mtoto alishikwa homa katikati ya mizunguko, akawekwa jentamaisini, antibayotiki, kisha furosemaidi, dawa ya kukojosha, juu yake. Na sisplatini anayo. Zote tatu zinakula sikio. Chuoni sini, swadi na thaa akawa anazisoma moja, maalim akadhani anacheza.

Bi Mkubwa: Masikini! Yuko wapi sasa?

Mfamasia: Kavalishwa vifaa.

Mpima Masikio: Nani aliandika jentamaisini?

Nesi wa Chake: Usihukumu ukiwa nyumbani. Seli nyeupe za damu zikishuka, homa inaua kwa saa. Antibayotiki nyingine ikifaa na ipo, sawa. Haipo, uhai kwanza.

Mfamasia: Ipo dawa ya kulikinga sikio na sisplatini, thiosalfeti ya sodiamu. Marekani waliipitisha 2022, kwa watoto ambao uvimbe wao haujasambaa. Inapitishwa mshipani saa 6 baada ya sisplatini kumalizika. Ukiiwahisha, inaishika sisplatini kabla haijafanya kazi kwenye uvimbe.

Bi Mkubwa: Duka gani la Darajani hilo?

Nesi wa Chake: Muulizeni daktari habari ya kaboplatini, ndugu yake sisplatini, ni pole zaidi kwa sikio. Lakini si kila saratani inakubali kubadilishiwa.

Mkaazi wa Wete: Na maji mengi?

Nesi wa Chake: Hayo ya figo. Sikio halimo.

Bi Mkubwa: Akimaliza dawa, kupima basi?

Mpima Masikio: Aendelee. Sisplatini hukaa ndani ya konokono miezi, hata miaka. Na wale watoto wa mgonjwa wangu, nimewaambia wazime feni, wamkalie mama mbele, ndipo waseme.