Vichanga wapewe bakteria wa unga kuzuia sepsisi? Tujadili

MLETA MADA
Wakuu, shemeji yangu anajifungua mwezi ujao na ameshaagiza unga wa bakteria "wa kumkinga mtoto na sepsisi", yaani mwili kuzidiwa na maambukizi makali hadi kuhatarisha maisha. Nilimcheka, kisha nikaenda kusoma, kicheko kikaniisha. Huko Odisha, India, vichanga zaidi ya 4,500 wa vijijini waligawanywa makundi mawili. Moja lilipewa Lactobacillus plantarum pamoja na sukari ya kuwalisha bakteria hao, siku saba tu. Jingine unga mtupu. Hadi siku ya 60, waliopata sepsisi au kufariki walikuwa asilimia 5.4 kundi la kwanza, 9 kundi la pili. Majibu yapo tangu 2017. Kwa nini huku kwetu usigawiwe kliniki?

MUUGUZI WA ZAMU
Kwa sababu wodini kwangu hawalali watoto wa Odisha. Wale walikuwa wa kilo 2 kwenda juu, wananyonya. Mimi juzi usiku nilikuwa na njiti wa gramu 1,100, mrija puani, kanula mguuni, ngozi kama karatasi ya sigara. Utumbo wa huyo bado unavuja. Klebsiella, bakteria msumbufu wa wodini, akishastawi mle, kuingia kwenye damu si safari. Na huyo bakteria wenu "mzuri" anapita mlango huohuo. 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya njiti aliyepewa probiotiki (ndio hao bakteria hai "wazuri") kufariki. Bakteria aliyekutwa kwenye damu yake ni yuleyule wa kwenye dawa.

MAMA PACHA
Mbona mnatutisha jamani. Wangu wana kilo 2.8 na 3, wananyonya vizuri. Niwape, nisiwape?

MFAMASIA
Mama Pacha, nyonyesha. Maziwa yako yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Hizo ni chakula cha bakteria wa tumboni mwake. Watu wanaliruka hilo wanakimbilia kopo. Na kopo lenyewe someni jina lote. Uingereza walijaribu Bifidobacterium breve kwa njiti 1,315, majibu yakatoka 2016: sepsisi haikupungua. Kusema "probiotiki inasaidia" ni sawa na kusema "kidonge kinasaidia". Kidonge kipi?

MLETA MADA
Muuguzi, kwa njiti nimesalimu amri. Ila mtoto aliyetimiza miezi yake, wa kijijini, sijaona hoja ya kumnyima. Huyo ndiye aliyepimwa India. Basi jaribio lifanyike huku, kwa bakteria yuleyule, tuone.

MUUGUZI WA ZAMU
Lifanyike, sipingi. Lakini usiku huohuo bomba la wodi lilikauka saa nane, tukanawa mikono kwa kata na ndoo, mtoto hadi mtoto. Hiyo Klebsiella mnadhani inaletwa na nani?

MAMA PACHA
Na dawa ya chango aliyoleta bibi yao je?

MFAMASIA
Usiwape. Miezi sita ya mwanzo ni ziwa tu.