Tupeane uzoefu: Wastaafu tuliorudia magari ya kabureta, mnayatengeneza wenyewe?

Mzee wa Pointi (mleta mada)

Wakuu, salaam. Humu tuko wengi tuliokuwa na magari ya kabureta tukiwa vijana, tukayauza watoto walipoanza shule au kazi ilipotuhamisha, na baada ya kustaafu tukajikuta tumerudi kulekule. Naomba tupeane uzoefu. Picha za gari lililong'arishwa na mtu mwingine ukapandishwa siku ya harusi, hizo zina uzi wake. Hapa nataka walioshika spana: umerudia gari gani, kazi ipi unaifanya mwenyewe, ipi unamwachia fundi, na kati yako na gari nani kabadilika zaidi?

Naanza mimi. Ujanani nilikuwa na Volkswagen Beetle, na sasa ninayo nyingine. Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kuseti vali. Injini lazima iwe baridi kabisa, kwa hiyo unaanza asubuhi kabla hujaiwasha. Uwazi kati ya vali na mkono unaoisukuma ni milimita 0.15. Unapitisha fila geji (kile kibati chembamba cha kupimia uwazi) mpaka uhisi inashikwa kidogo bila kung'ang'aniwa. Unaanza na silinda namba 1, unarudisha puli (gurudumu la mkanda wa injini) kinyumenyume nusu mzunguko, namba 2 iko tayari. Nusu tena namba 3, nusu tena namba 4. Ukizungusha upande wa kawaida itabidi ufuate mpangilio wa kuwaka, 1-4-3-2, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa.

Jambo ambalo ujanani sikulitilia maanani ni hili: vali iliyolegea hupiga kelele, vali iliyobana hunyamaza huku inaungua. Beetle inayogongagonga kidogo hainisumbui. Iliyonyamaza kupita kiasi ndiyo naifungulia.

Oili yake ni lita 2.5 tu, na injini nyingi za aina hii hazina filta ya karatasi, zina chujio la waya unalolitoa ukaliosha. Injini inayopozwa kwa hewa, yenye oili kidogo hivyo, haitaki ahadi za "oili nitabadilisha kesho". Zamani kazi hii niliifanya mbiombio kwa sababu Jumatatu gari lilitakiwa kazini. Sasa hakuna Jumatatu. Nikikuta chujio lina vichembe vya chuma nakaa navyo kwenye mwanga, najiuliza vimetoka wapi, na hakuna anayenisubiri.

Karibuni.

Spana Kumi na Tatu

Mleta mada umenigusa. Mimi ni mtu wa Peugeot 504, gari lililotoka 1968, likawa Gari la Mwaka la Ulaya 1969, na likashinda Safari Rally 1975 na tena 1978. Lakini sikulirudia kwa sababu ya vikombe. Nililirudia kwa sababu ukifungua boneti unaona ardhi. Mkono unaingia, spana inazunguka.

Mchango wangu ni kwenye kununua, maana naona wastaafu wengi wanakwenda na moyo bila sumaku. Nunua bodi, injini itapatikana. 504 ya saluni haina chesisi ya kando, bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Kutu ikila bati za chini ya milango na sakafu, imekula uti wa mgongo. Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa laini (usichubue rangi ya watu) inatosha: pitisha chini ya milango, kuzunguka matao ya magurudumu, na pembe za chini za kioo cha mbele. Inaposhika ni bati. Inapoanguka ni puti, ile ya kuzibia mashimo kabla ya rangi.

Nilimfanyia hivyo muuzaji mmoja aliyekuwa ananisifia rangi mpya. Sumaku ilianguka ubavu mzima. Akaniambia, "Mzee, gari ni la kuendesha au la kupima?" Nikamwambia langu mimi ni la kupima. Tukaagana vizuri.

Jambo la pili: fungua zulia. Mtu anaweza kupaka lami chini ya gari asubuhi ukaja jioni ukaona weusi unaopendeza. Juu ya sakafu, chini ya zulia, hakuna anayehangaika kupaka. Ukikuta unyevu hapo, au gazeti limegandamana na bati, umeshapata historia ya gari.

Kuchomelea nampa fundi. Macho yangu hayawezi tena, na uchomeleaji mbaya kwenye bati jembamba ni hasara juu ya hasara.

Mama Kabureta

Naomba nafasi, baba zangu. Mimi ni mhasibu mstaafu. Zamani mume wangu alikuwa na Morris Minor na cheo changu kilikuwa mshika tochi. Nilishika tochi miaka mingi, na mshika tochi huona mengi, kwa sababu yeye hajala mafuta usoni. Yeye sasa mgongo haumruhusu kuinama. Tulipopata nyingine, tulibadilishana: mimi ndani ya boneti, yeye kwenye kigoda na tochi na maoni.

Nataka niwasifie kabureta ya SU, aina iliyomo kwenye Morris yetu, kwa sababu vijana wanaiogopa bure. Ndani kuna pistoni inayopanda na kushuka kufuata hewa inayovutwa, na chini yake sindano nyembamba inayoziba na kuachia tundu la petroli. Basi. Juu yake kuna kikombe cha oili kidogo inayozuia pistoni isiruke ghafla. Oili hiyo ikiisha, ukikanyaga mafuta gari linasita kana kwamba linafikiria. Nimeona watu wakibadilisha plagi, waya, hadi pampu, kumbe ni oili ya kijiko kimoja.

Kujua kama mchanganyiko uko sawa: injini ikiwa imepata moto, inyanyue pistoni kama milimita moja tu na usikilize. Mwendo ukipanda kidogo ukarudi, mko salama. Ukipanda ukabaki juu, petroli imezidi. Injini ikitaka kuzima, petroli ni haba. Kwangu hii ni hesabu ya kulinganisha vitabu, ila kwa masikio.

Sasa suala ambalo wengi hawalisemi. Injini ile iliundwa enzi za petroli yenye risasi (madini ya ledi). Silinda hedi yake, yaani kifuniko cha juu cha injini, ni ya chuma cha kusubu, na viti vya vali, pale vali zinapokalia zikifunga, vimechongwa humohumo. Risasi ndiyo iliyokuwa inavilinda visiliwe. Petroli hiyo imeondolewa duniani kote kwenye vituo vya magari, nchi ya mwisho ikiwa Algeria mwaka 2021. Je, gari litakufa kesho? Hapana. Ukiliendesha kistaarabu linadumu. Unachofanya ni kupima uwazi wa vali za ekzosi na kuandika kwenye daftari. Zikiendelea kubana kila upimapo, viti vinaliwa. Siku ya kufungua hedi weka viti vigumu. Uhasibu haustaafu.

Na wauza spea wanaoniuliza "Mama, mzee yuko wapi?" huwa nawajibu: ameshika tochi.

Mpenda Mpya

Samahani wazee wangu, sitaki kuharibu uzi. Lakini mkweche ni mkweche. Mtu umefanya kazi maisha yako yote, unapata kiinua mgongo unakipeleka kwenye kutu? Gari la kisasa linawaka kila asubuhi.

Spana Kumi na Tatu

Kijana, hoja yako ni ya kweli kuhusu pesa. Ndiyo maana la kutumia ninalo jingine, jipya kiasi, linawaka kila asubuhi na silijui hata ndani likoje. Hili la pili lina mfuko wake peke yake, na mfuko ukikauka kazi inasimama mpaka mwezi mwingine. Anayegusa kiinua mgongo chote kwa ajili ya gari la kuchezea, huyo hata mimi simtetei. Lakini usilipime kwa kuwaka asubuhi. Hilo siyo shindano lake.

Kiuno Chuma

Jina ni la zamani, kiuno sasa ni cha kawaida.

Mleta mada kauliza nani kabadilika. Gari halijabadilika hata nati moja. Mimi ndiye nimebadilika, na gereji yangu imenifuata. Meza ya kazi nimeipandisha ifike kiwiko, nisiiname. Vipuri vizito viko usawa wa kiuno, siyo juu wala sakafuni. Taa ni nyingi kuliko za sebuleni. Pointi za distribyuta (vile vikono vinavyofunguka na kufunga ili plagi zipate cheche) kwenye Beetle zinataka uwazi wa milimita 0.4, na bila miwani mimi hata pointi zenyewe sizioni.

Kuna watakaokwambia injini ya Beetle hushikiliwa na bolti nne tu, kwa hiyo kuitoa ni kazi ndogo. Bolti ni nne kweli. Ila injini ile na vikorombwezo vyake inapita kilo 100, na bolti hazina habari na umri wako. Jeki ya magurudumu chini yake, na mtu wa pili. Nikiwa peke yangu siitoi, nasubiri.

Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika ya kuokota nati. Stendi mbili, sakafu ngumu, na sukuma gari kwa bega kabla hujaingia. Likiyumba, heri liyumbe ukiwa nje. Jambo jingine ambalo ujanani hatukulijua: viatu vya breki na sahani za klachi za zamani nyingi zilikuwa na asbesto. Ule mtindo wa kupuliza vumbi la ngoma ya breki kwa kompresa au kwa mdomo uacheni kabisa. Lowesha, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

Magoti yakigoma, kazi za mezani ziko tele. Kabureta, distribyuta, alteneta, mota ya waipa, zote hutoka zikaja kwenye kiti chako.

Binti wa Mstaafu

Shikamooni wazee wangu. Nimesoma uzi wote. Baba yangu amestaafu, anashinda amekaa tu. Ana Land Rover Series III imelala nyuma ya nyumba miaka mingi, tairi zimekaa. Nilitaka nimlipie fundi aifufue iwe zawadi. Mnasemaje? Na je, mtu anaanzia wapi? Mwenyewe anasema akiweka betri mpya itawaka.

Mzee wa Pointi (mleta mada)

Marahaba mwanangu. Fundi usimlipie. Mletee baba yako spana, taa nzuri na kitabu cha matengenezo cha gari hilo. Ukimletea gari limeshawaka umemnyima kazi uliyotaka kumpa.

Betri mpya isiguswe kwanza. Injini iliyolala ikizungushwa kwa stata ikiwa kavu, ringi za pistoni zilizoshika kutu zinakwangua silinda. Atoe plagi zote, amimine oili kidogo kwenye kila tundu, aache walau usiku mzima. Kisha aizungushe kwa mkono. Series ina tundu la hendeli mbele, kwa hiyo hilo ni rahisi. Ikigoma asilazimishe, aongeze oili na subira. Ikizunguka laini ndipo yafuate mengine.

Kiuno Chuma

Naongezea. Petroli iliyomo tangini haifai, imegeuka gundi. Mwageni, osheni tangi. Mipira ya kupitisha mafuta badilisheni yote, hata inayoonekana mizima, maana petroli za siku hizi katika nchi nyingi zina ethanoli na mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Mpira ukivuja juu ya ekzosi ya moto mtatafuta ndoo.

Breki kabla ya injini! Watu hukimbilia kuwasha, gari linawaka, wanasahau halina kusimama. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi hata gari likiwa halitembei. Yaliyokaa miaka mingi yameshaozesha silinda za magurudumu kwa ndani. Mipira ya breki nayo huvimba ndani huku nje ikionekana safi: unakanyaga, breki inashika, unaachia, haiachii.

Spana Kumi na Tatu

Na msidanganywe na bodi. Land Rover hizo bodi ni ya aloi ya alumini, haitoi kutu nyekundu, kwa hiyo gari linaonekana zima miaka yote. Chesisi ni ya chuma na huoza kutokea ndani. Apite na nyundo ndogo akigonga taratibu, hasa nyuma kabisa na mahali springi zinapofungwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kizito, na wakati mwingine nyundo inaingia. Hapo ndipo mjue kama mna gari au mna milango mizuri.

Tairi zitupwe bila kujadiliana. Ubavuni kuna tarakimu nne baada ya herufi za DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mkikuta tarakimu tatu, tairi hiyo ilitengenezwa kabla ya 2000.

Binti wa Mstaafu

Asanteni sana wazee wangu. Nimemsomea kwa sauti. Kwenye tairi amekataa, anasema bado zina meno. Nimemwomba akasome tarakimu. Ni tatu.

Mama Kabureta

Meno hayahusiani, mwambie mama kasema. Mpira unakauka na kupasuka kwa ndani hata bila kutembea.

Mleta mada, nina swali kabla hujaendelea. Kuna wanaoniambia nitoe pointi niweke moduli ya elektroniki, inayofichwa ndani ya distribyuta ileile. Wewe na jina lako hilo unasemaje?

Mzee wa Pointi (mleta mada)

Kwa anayesafiri mbali, aweke, haina ubishi. Haichakai kama pointi na taimingi, yaani wakati wa cheche, haihami. Ila azibebe pointi na kondensa (kile kikopo kidogo kinachofanya kazi na pointi) kwenye buti, kwa sababu moduli ikifa haikohoi wala haiagi, na huwezi kuisugua kwa msasa ukafika nyumbani. Mimi siweki. Nikiweka nitabaki na nini cha kufanya?

Kuna mdau wa Datsun aliahidi kutueleza alivyofungua giaboksi mwenyewe mezani. Mkuu, tunakusubiri, na usiruke sehemu ya kurudishia.