Gurudumu la nyuma linahama: nibaki na kwiki, niweke nati, au nitafute ekseli ya kupitisha?

Mnyonga_Pedali
Wakuu, habari za jioni. Nina baiskeli ya mlimani ya mtumba, fremu ya chuma, breki za kubana ringi. Magurudumu yote mawili yanafungwa kwa kwiki, ule mkono mdogo wa kukunja. La mbele halina shida. La nyuma ndilo linalonitoa jasho: nikisimama kwenye pedali pale Pugu kuelekea Kisarawe, ekseli upande wa cheni inavutwa mbele, tairi linalala kushoto na kuanza kusugua fremu. Nashuka, nalinyoosha, nakaza kwa nguvu zote. Kilima kinachofuata, yale yale. Fundi wa mtaani anataka tung'oe kwiki tuweke ekseli ya nati kama ya Phoenix. Jamaa yangu anasema niuze, nitafute yenye ekseli nene ya kupitisha. Nyie mngefanyaje? Na wizi pia mniambie, maana kazini naiacha nje.

Fundi_Spoki
Kabla hujauza kitu, unafungaje huo mkono? Naletewa baiskeli kila siku na watu wanaouzungusha kama nati mpaka ukome, kisha wanaulaza. Hapo hujakaza. Nguvu iko kwenye kukunja: ndani ya kichwa cha mkono kuna kipande ambacho si duara kamili, ukikunja kinaivuta ile nondo nyembamba ya milimita 5 inayopita katikati ya ekseli, na pande zote mbili zinaibana fremu.

Simamisha baiskeli chini kwa matairi yake, usiipindue. Shika nati ya upande wa pili kwa vidole, izungushe kidogo kidogo mpaka mkono ukianza kugoma pale uliponyooka nje, sawasawa na ekseli. Kutoka hapo sukuma kwa kiganja. Usipobaki na alama kiganjani, fungua uongeze robo mzunguko wa nati.

Mama_Kerieri
Mimi ni wa nati na sihami. Nabeba ndoo mbili za samaki nyuma kila alfajiri, spana namba 15 imefungwa kwa mpira chini ya kiti, na gurudumu halijawahi kuhama. Pancha ikinikuta njiani nachelewa dakika chache, basi. Kwiki ni ya watu wa mashindano.

Fundi_Spoki
Mama, kwa mzigo wako sikupingi. Ila mwenzetu ajue kwamba hawezi kuweka nati juu ya ekseli aliyonayo. Ile ni ya tundu katikati, inabidi itoke yote, iingie ya chuma kitupu na koni zake zinazobana gololi, na hab (kitovu cha gurudumu) ifunguliwe hadi gololi. Kama fundi hajui kurekebisha koni, utatoka na gurudumu linalocheza au linalokwama.

Diski_Tu
Niko Nairobi, natumia ekseli ya kupitisha, milimita 12. Inaingia upande mmoja na kujifunga kwa nyuzi upande wa pili, kwa hiyo hata ikilegea kidogo gurudumu halina pa kutokea. Kwa breki za diski naona ndiyo njia ya maana. Kwenye foki ya mbele breki inakaa nyuma ya mguu wa kushoto, ukibana inaisukuma hab kuelekea chini, na mdomo wa foki ya kwiki, ule mwanya ekseli inamokaa, umefunguka huko huko chini. Mwaka 2015 kampuni ya baiskeli ya Trek iliomba zirudishwe baiskeli karibu 900,000 Marekani peke yake kwa sababu mkono wa kwiki wa mbele, ukiachwa wazi, uliweza kufunguka kupita kiasi na kunasa kwenye diski.

Lakini kaka, wewe una breki za ringi na fremu ya zamani. Ekseli ya kupitisha inataka fremu, foki na hab zake. Hiyo ni kununua baiskeli nyingine.

Baharia_wa_Ng'ambo
Kwenye wizi kwiki inashindwa vibaya. Mwizi hahitaji hata spana. Mimi nilitoka sokoni nikaikuta baiskeli imepiga magoti, foki chini, gurudumu limekwenda. Tangu siku hiyo nimeweka nondo za kufunga kwa ufunguo wa alenki, ule wa pembe sita, zinaingia kwenye ekseli ile ile ya tundu, hakuna cha kubadilisha ndani. Mwenye alenki mfukoni ataiba tu, lakini yule mpita njia mwenye tamaa umemkata. Fremu na gurudumu la nyuma unazifunga kwa kufuli.

Fundi_Spoki
Mnyonga, jambo moja nimelisahau. Toa kwiki yote, gurudumu libaki kwenye fremu, halafu weka rula bapa kwenye uso wa nje wa mdomo wa fremu. Ncha ya ekseli inatokeza au imezama?

Mnyonga_Pedali
Upande wa cheni rula inacheza kama mizani. Ekseli imetokeza kama milimita 2.

Fundi_Spoki
Basi ndiyo hiyo. Nati ya kwiki inabana ncha ya ekseli, fremu haiigusi. Hata ukaze na jembe, gurudumu litahama. Mtu alibadilisha ekseli akaweka ndefu, na midomo ya fremu zile za chuma mara nyingi ni myembamba. Itoe, ipunguze kwa tupa mpaka izame kidogo ndani ya uso wa mdomo, na usafishe vumbi la chuma kwenye tundu. Tone la mafuta kwenye kichwa cha mkono nalo halidhuru.

Mnyonga_Pedali
Nimerudi. Nilipiga tupa jana, leo asubuhi nimepanda Pugu mara mbili nimesimama, gurudumu halijasogea. Kwa hiyo nyuma nabaki na kwiki, mbele nitaweka ya alenki kama ya Baharia. Mama_Kerieri, samaki unauzia wapi?

Mama_Kerieri
Ferry hadi Keko. Njoo na spana yako.

Fundi_Spoki
Zile springi mbili ndogo za kwenye nondo ya kwiki, upande mwembamba umeuelekeza ndani kwenye ekseli?

Mnyonga_Pedali
Moja ilikuwa kinyume. Nimeshaigeuza.