Jedwali, kompyuta ya kawaida au kompyuta ya kujipangia: ipi inamfaa mpiga mbizi anayerudi Dodoma?

MkaziWaKisasa:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi Dodoma, mtaa wa Kisasa, na mara mbili kwa mwaka hushuka pwani kupiga mbizi, safari nyingine Mnemba na nyingine Mafia. Tangu kozi ya kwanza nimekuwa nikitumia jedwali la plastiki linaloonyesha dakika za kukaa katika kila kina, saa na kipimo cha kina, na mara chache nimeazima kituoni kompyuta ya mbizi, ile ya kuvaa mkononi inayohesabu muda huo yenyewe. Sasa nimeweka akiba ya kununua yangu na nina njia tatu mbele yangu: kubaki na jedwali, kununua kompyuta ya bei nafuu yenye ngazi mbili au tatu za tahadhari zilizopangwa kiwandani, au kununua ya bei kubwa inayomruhusu mtumiaji kupanga mwenyewe asilimia za gradienti, yaani ataukaribia mpaka wa usalama kwa kiasi gani.

Naomba pia mnisaidie katika jambo linalonisumbua. Safari iliyopita nilipiga mbizi kwa siku tatu, na siku ya mwisho nikatoka majini saa sita mchana, nikavuka kwa boti alasiri, kisha usiku uleule nikaondoka Dar es Salaam kwa gari. Tulipokuwa tukikaribia Gairo, yapata saa saba usiku, nilianza kuhisi ganzi kwenye vidole vya mkono wa kushoto, nayo iliisha baada ya siku mbili. Nilipokwenda hospitali niliambiwa ni uchovu wa safari, lakini sikumweleza daktari kwamba nilikuwa nimetoka kupiga mbizi.

MwalimuWaPemba:

Kaka, nitaanza na vifaa, kwa sababu ninafundisha na haya ninayaona kila msimu. Jedwali huhesabu mbizi nzima kana kwamba umekaa muda wote katika kina kikubwa kuliko vyote ulivyofika. Kwenye ukuta wa matumbawe huku Pemba, mtu anaweza kushuka mita 28 kwa dakika nane, kisha akapanda polepole akielea mita 18, halafu mita 12, hadi saa moja ipite. Jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya kupiga mbizi, litamsomea mstari wa mita 30, ambao unampa dakika 20 tu, ilhali kompyuta inapima kina kila baada ya sekunde chache na kumhesabia kila hatua anayopanda. Ndiyo maana wengi wameliacha jedwali. Lakini dakika zile ambazo jedwali lilikunyima ndizo zilizokuwa akiba yako ya usalama, na anayezitumia zote kila siku anapanda juu akiwa na naitrojeni (ile gesi ya hewani inayoyeyuka mwilini tukiwa chini ya maji) nyingi zaidi mwilini kuliko yule wa jedwali, ijapokuwa wote wawili hawajavuka mpaka.

Kwa hiyo ninapendekeza kompyuta, kwa masharti. Iwe yako peke yako, usigawane na mwenzako, kwa kuwa kifaa kinajua historia ya yule tu aliyekivaa. Usibadilishe kifaa katikati ya siku za mbizi. Kikizima majini, panda kwa utaratibu, simama mita 5 kwa dakika tatu hadi tano, toka, na usirudi majini kwa saa 24. Kasi ya kupanda isizidi mita 9 au 10 kwa dakika, hata kama kozi za zamani zilifundisha 18. Jedwali usilitupe, kwa maana ndilo linalokufundisha kupanga mbizi kabla ya kulowa, na wengi wanaoanza na kompyuta hawajui hata ni dakika ngapi walitarajia kukaa chini.

NesiWaNkuhungu:

Shikamoo mwalimu. Naomba nirudi kwenye ganzi, kwa sababu kwangu hilo lina uzito kuliko chaguo la kifaa.

Ndugu wa Kisasa, ganzi ya upande mmoja inayoanza ndani ya siku moja baada ya mbizi huhesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa wa kupungua kwa mgandamizo mpaka daktari anayeujua ugonjwa huo aseme vinginevyo. Maumivu ya viungo, vipele vya ngozi, kizunguzungu na uchovu usio wa kawaida vimo katika kundi hilo hilo. Ulipaswa kulazwa chali, kupewa oksijeni ya asilimia 100, na kusafirishwa kwenda kwenye chumba cha mgandamizo, kinachotibu ugonjwa huo kwa hewa iliyobanwa, bila kupandishwa juu zaidi. Wewe ulifanya kinyume chake bila kujua: uliendelea kupanda. Tafadhali mwone daktari wa aina hiyo kabla ya mbizi nyingine, mweleze kina, muda na saa, hata kama sasa unajisikia mzima.

Sababu iko kwenye ramani. Dodoma ipo takribani mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 88 ya ule wa pwani. Naitrojeni iliyoyeyuka ndani ya tishu zako chini ya maji hutoka polepole kupitia mapafu, na kila mgandamizo wa nje unapopungua, ile iliyobaki inapata nafasi ya kufanya mapovu. Tumezoea kuambiwa tusipande ndege baada ya mbizi, tukasahau kwamba nyumbani kwetu kwenyewe ni juu. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi, uliotokana na warsha ya mwaka 2002 unahusu mgandamizo wa ndani ya ndege unaolingana na mita 600 hadi 2,400, na Dodoma imo ndani ya kipimo hicho. Unasema hivi: saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo (kusimama kwa lazima njiani wakati wa kupanda), saa 18 baada ya mbizi za siku kadhaa, na zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa kwa aliyelazimika kufanya vituo vya kupunguza mgandamizo. Wewe ulikaa saa 13 baada ya siku tatu.

RelingYaKati:

Mimi husafiri kwa treni ya mwendokasi tangu ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Je, kwa kuwa haipai angani na inapanda kidogo kidogo kwa muda wa takribani saa nne, haitoi nafuu? Au mtu akilala Morogoro usiku mmoja?

FundiVipimo:

Nafuu ya treni ni ndogo, na hesabu inaonyesha kwa nini. Kompyuta nyingi hutumia mfumo wa Albert Bühlmann wa Zürich, unaougawa mwili katika sehemu 16 za kinadharia zinazopokea na kuachia naitrojeni kwa kasi tofauti. Ya haraka hufikia nusu ya mabadiliko kwa dakika nne au tano, na ya polepole kuliko zote kwa dakika 635, yaani zaidi ya saa kumi. Katika saa nne za treni, sehemu hiyo ya mwisho inaachia chini ya robo ya ziada yake, ilhali katika saa 24 za kukaa pwani inaachia zaidi ya robo tatu. Na sehemu hizo za polepole ndizo zinazojaa kwa mtu aliyepiga mbizi siku tatu mfululizo.

Kuhusu Morogoro, mji uko karibu mita 500, hivyo haujafika mita 600 za mwongozo, lakini umeshapita mita 300, ambako wapiga mbizi huanza kuhesabu mwinuko. Kulala pale ni bora kuliko kupitiliza, ila mimi ningelala Dar es Salaam, ambako mgandamizo ni kamili.

Sasa gradienti. Bühlmann aliweka kwa kila sehemu ya mwili mpaka wa naitrojeni inayoweza kuvumiliwa, na mhandisi Erik Baker akabuni njia ya kutumia asilimia fulani tu ya mpaka huo. Namba ya kwanza inaamua kituo cha kwanza kitakuwa na kina gani, na ya pili inaamua utatoka majini ukiwa umeukaribia mpaka kwa kiasi gani. Ukiweka 40/85 unatoka ukiwa na asilimia 85. Ukiweka 35/75 unapata dakika chache zaidi za usalama na chache kidogo za samaki. Usishushe mno namba ya kwanza ukidhani unajilinda, kwa sababu utafiti wa jeshi la majini la Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba vituo vya kina kirefu vilileta wagonjwa wengi kuliko vituo vya karibu na uso wa maji.

Kwa mbizi zako zisizozidi mita 30 na zisizo na vituo vya lazima, kompyuta ya bei nafuu ikiwekwa ngazi ya tahadhari kubwa inatosha. Fedha inayobaki itoe usiku mmoja wa nyumba ya wageni.

MwalimuWaPemba:

Ninakubaliana na fundi, isipokuwa niongeze moja: ikague kama inatambua mwinuko yenyewe. Zile za kuwekwa kwa mkono zikisahaulika kwenye usawa wa bahari, mtu akaenda kupiga mbizi Ziwa Tanganyika lililo mita 773, zinamruhusu muda asiostahili.

Tena kompyuta haijui kwamba hukunywa maji, hukulala, au ulipambana na mkondo. Hayo unayahesabu wewe.

MkaziWaKisasa:

Nawashukuru nyote, na dada Nesi kwa namna ya pekee. Nimeshaanza kumtafuta daktari, na safari ya Mafia nimeisogeza mbele hadi atakaponiruhusu. Nitanunua ile ya bei nafuu inayojua mwinuko. Akiniruhusu, mbizi ya mwisho itaisha Jumamosi saa tano asubuhi, nitavuka bara na kulala Dar es Salaam, na tiketi ya treni nitakata ya Jumapili alasiri. Jumatatu nikichelewa kazini Mtumba, mkuu wangu nimeshamwarifu.