MJADALA: Aliye katikati ya kubadili jinsia aingie choo kipi, kazini na mitaani, Uingereza?

Mleta mada

Wadau, tarehe 16 Aprili 2025 majaji watano wa Mahakama ya Juu ya Uingereza walisema kwa kauli moja kwamba maneno "mwanamke", "mwanamume" na "jinsi" ndani ya Sheria ya Usawa ya 2010 yana maana ya jinsi ya kuzaliwa, na kwamba cheti cha kutambuliwa jinsia hakibadili maana hiyo katika sheria hiyo. Kesi ilitoka Scotland na ilihusu nafasi za wanawake kwenye bodi za umma. Hakuna aliyeshtaki kuhusu choo. Hata hivyo, tangu siku hiyo swali la choo ndilo linalowasumbua wenye ofisi, maghala, hospitali na nyumba za kutunzia wazee, mahali ambapo Waswahili wengi wa huku wanafanya kazi, wengine kama wasimamizi na wengine kama wasafishaji.

Tukubaliane maneno kwanza, maana Kiswahili kimeshatugawia: jinsi ni ya mwili, mke au mume, jinsia ni namna mtu anavyoishi na kutambulika. Mahakama ilitafsiri jinsi. Anayebadili jinsia anazungumzia maisha. Tukiyachanganya haya tutabishana hadi alfajiri.

Naomba vifungu na vipimo. Aingie wapi, na mwenye jengo afanye nini?

Mwanasheria

Mleta mada, nitenganishe mambo matatu ambayo watu wanayafunga kwenye kifurushi kimoja.

Kazini. Kanuni za mahali pa kazi za 1992, kanuni ya 20, zinadai vyumba vya choo vya wanaume na vya wanawake vitenganishwe, isipokuwa pale ambapo kila choo kipo katika chumba chake chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Someni hilo "isipokuwa" mara mbili. Mwajiri mwenye vyumba kamili, kila kimoja na mlango wake, hana wajibu wa kuandika ME wala KE.

Dukani na mgahawani. Hakuna sheria ya jumla inayomlazimisha mwenye duka kumpa mteja choo. Halmashauri inaweza kumwagiza mwenye mgahawa au ukumbi wa burudani aweke, kwa kifungu cha 20 cha sheria ya serikali za mitaa ya 1976. Akiamua kuweka vya jinsi moja, Sheria ya Usawa inamruhusu kwa masharti: kuwe na sababu halali, na hatua anayochukua iwe na uwiano na sababu hiyo.

Makosa ya jinai. Huku si kosa la jinai, kwa lenyewe, mtu kuingia choo kisicho cha jinsi yake. Mwenye jengo anaweza kumwomba atoke. Polisi hawana kazi hapo mpaka litokee jambo jingine: vurugu, kuchungulia, kupiga picha.

Kubadili jinsia bado ni sifa inayolindwa, kifungu cha 7 cha Sheria ya Usawa, na ulinzi huo haudai mtu awe amefanyiwa upasuaji wala awe na cheti. Anayekusudia tu tayari amelindwa. Meneja anayedai "nionyeshe cheti" anajitafutia balaa, na akikipata kikazi kisha akamsimulia mwingine, Sheria ya Kutambua Jinsia ya 2004, kifungu cha 22, inalifanya hilo kuwa kosa la jinai.

Dada wa Leicester

Ahsante kaka Mwanasheria, lakini umepita haraka panapouma. Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ilitoa tamko la muda tarehe 25 Aprili 2025 ikisema mwanamke aliyezaliwa mwanamume asiruhusiwe kutumia choo cha wanawake kazini wala kwenye huduma za umma, maana akiruhusiwa choo hicho si cha jinsi moja tena. Tume baadaye ililiondoa tamko hilo, rasimu ya mwongozo kamili ikiwa mezani kwa waziri, lakini hukumu yenyewe ipo palepale.

Choo cha wanawake kina kazi nyingine zaidi ya haja. Mwanamke wa Kiislamu anakunja mikono hadi viwiko atie udhu kwenye sinki, anavua ushungi apake maji kichwani, anainua mguu kwenye sinki lilelile. Mama anafua doa la damu kwenye sketi. Msichana wa miaka 12 anamwuliza shangazi yake pedi inavyowekwa. Yote haya hufanyika nje ya vile vijumba, kwenye eneo la pamoja. Anayesema "si kila mmoja anajifungia komeo lake" hajafikiria sehemu ya masinki.

Kuna na anayepewa kazi ya kulinda mlango. Sheria ikisema "tumia busara yako", anayeitumia ni msafishaji mwenye mkataba wa muda saa nne usiku. Huo si mzigo wake. Kanuni iwe wazi ili asilazimike kumkagua mtu uso.

Muuguzi

Dada, hoja ya msafishaji naikubali yote. Lakini kanuni ya jinsi ya kuzaliwa haimwondolei mzigo, inaugeuza tu. Chukua aliyezaliwa mwanamke anayetumia testosteroni, homoni ya kiume. Sauti huanza kuwa nzito ndani ya miezi michache, hedhi kwa wengi hukoma ndani ya miezi sita hivi, ndevu hujaa taratibu kwa miaka. Kwa kanuni yako, mtu mwenye ndevu na sauti ya besi anaelekezwa choo cha wanawake. Msafishaji atamsimamisha nani, kama si huyo? Tena tamko lilelile la Tume lilisema kuna mazingira ambayo mtu huyo anaweza kukataliwa hata choo cha wanawake. Ndiyo maana likaongeza kwamba asiachwe bila pa kwenda. Na kuna mwanamke wa kuzaliwa, mrefu, nywele fupi, sauti nzito: ukaguzi wa uso humkamata na yeye.

Kipindi kigumu ni cha katikati. Mwanzoni mtu anaonekana alivyokuwa, mwishoni anaonekana alivyo. Katikati, miezi mingi, kila mlango una macho. Wengi hapo huacha kunywa maji. Uchunguzi mkubwa wa Marekani wa mwaka 2015, watu 27,715 waliobadili au wanaobadili jinsia, ulikuta asilimia 59 waliepuka vyoo vya umma mwaka uliotangulia kwa hofu, asilimia 32 walipunguza kula au kunywa ili wasihitaji choo, na asilimia 8 walisema walipata maambukizi ya njia ya mkojo au tatizo la figo kwa sababu ya kujizuia. Ongeza hili: spironolaktoni, dawa ambayo baadhi hupewa kuzuia homoni za kiume, inaongeza mkojo. Kumwambia anayeitumia "jizuie mpaka ufike nyumbani" ni ushauri mbaya kiafya. Asikate maji, achague njia na vituo vyenye vyoo vya chumba kimoja.

Jambo dogo linalosahaulika ni pipa la pedi. Vyoo vya wanaume kwa kawaida havina, na aliye katika miezi ya kwanza ya testosteroni bado anaweza kutokwa damu. Anabaki ameikunja pedi mkononi au anaitupa chooni, bomba linaziba. Shirika la Prostate Cancer UK linadai mapipa hayohayo kwa ajili ya wanaume wanaovaa pedi baada ya matibabu ya tezi dume. Weka pipa moja ndani ya kila kijumba, si karibu na masinki, na watu wa aina mbili umewahifadhi.

Mzee wa Reading

Wanangu, fiqhi iliwahi kulikuta jambo hili. Huntha aliwekewa safu yake katika sala, nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake. Hakufukuzwa msikitini. Kwa nini pasiwe na choo cha tatu, likaisha?

Muuguzi

Shikamoo mzee. Huntha ni aliyezaliwa na maumbile yasiyo wazi ya kike wala ya kiume. Kenya iliwahesabu katika sensa ya 2019, wakawa 1,524. Anayebadili jinsia ni suala jingine. Ila mantiki yako ya kutomwacha mtu nje naishika.

Tatizo la choo cha tatu ni kumtangaza. Ofisini wakijua kwamba mlango ule ni wa "wale", kila anayeufungua amejisema. Ndio maana kiwe cha kila mtu, na wengine wakitumie kweli.

Mwanasheria

Na kwenye majengo mengi "cha tatu" maana yake ni kile cha watu wenye ulemavu. Kwa kawaida kiko kimoja tu. Kukigeuza kuwa jibu la kila mgogoro ni kumnyang'anya mwenye kiti cha magurudumu, ambaye hana mlango wa pili wa kukimbilia.

Fundi majengo

Nimesoma yote, sasa tuje kwenye kuta, maana nusu ya ugomvi huu imejengwa na bodi nyembamba ya mm 13 yenye uwazi wa mm 150 chini.

Waraka T wa kanuni za ujenzi za England, unaotumika tangu 1 Oktoba 2024, unataka jengo jipya lisilo la makazi liwe na vyoo vya wanaume na vya wanawake vilivyotenganishwa, na nafasi ikiruhusu liongezewe vyoo vya kujitegemea: chumba chenye kuta hadi dari, mlango, choo, sinki na kikaushio humohumo. Vya kujitegemea peke yake vinakubalika nafasi inapokuwa finyu. Kwa hiyo dada wa Leicester, hakuna aliyefuta choo chako. Tena ndani ya chumba cha namna hii udhu unatiwa ukiwa umejifungia.

Majengo ya zamani hayaguswi mpaka yafanyiwe ukarabati unaohusika, na hapo ndipo kazi mbovu hufanyika. Meneja anabandika kibao cha "kwa wote" juu ya vijumba vya zamani vyenye uwazi chini na masinki ya pamoja nje. Hicho si chumba, na lile "isipokuwa" la kanuni ya 20 halimsaidii.

Ukitaka kugeuza safu ya zamani kwa haki, hesabu hivi. Vijumba vinne huzaa vyumba vitatu, kwa sababu ukuta mnene hula upana na sinki hula kina. Kila sinki lina bomba lake la maji machafu: la mm 32 lisizidi mita 1.7 hadi bomba kuu. Likizidi tumia la mm 40, hadi mita 3. Ukikaidi, maji ya kwenye mtego chini ya sinki hufyonzwa na harufu ya mfereji inapanda. Feni ya kutoa hewa isipungue lita 6 kwa sekunde kwa kila choo. Acha mm 10 chini ya mlango hewa iingie, la sivyo feni inanguruma bure na ukungu unaota darini. Komeo liwe la kufunguka kwa nje kwa sarafu, kwa sababu aliyeanguka ndani ya chumba kilichofungwa mpaka sakafuni haonekani miguu. King'ora cha moto kisikike humo, na taa ya kumulika iwepo kwa asiyesikia. Milango ielekee kwenye korido yenye watu, siyo kichochoroni.

Dada wa Leicester

Fundi, hesabu hiyo ya vinne kuzaa vitatu ndiyo hofu yangu. Foleni ya wanawake tayari ni ndefu.

Fundi majengo

Hofu yako ina takwimu, dada. Mwongozo wa kanuni za 1992 una majedwali mawili. Ofisi ya wanawake 26 na wanaume 24 ikitenganisha: wanawake vyoo 3, wanaume vyoo 2 na bakuli 1 la kukojolea la ukutani. Jumla 6. Ikichanganya, jedwali la watu 26 hadi 50 linadai vyoo 3 tu na masinki 3. Mwajiri bahili akiliona hilo anaziba nusu ya vyoo na kuita usawa. Wafanyakazi waliobadili jinsia wanalaumiwa kwa foleni ambayo hawakuisababisha. Chama cha wafanyakazi kidai kwa maandishi, kabla ya nyundo ya kwanza, kwamba idadi isishuke chini ya ile ya kutenganisha.

Mleta mada

Na kama jengo halijengeki leo? Mtu anaanza mabadiliko mwezi ujao, kuna ME, KE, na kimoja cha wenye ulemavu.

Mwanasheria

Wakae watatu: mhusika, meneja na mtu wa rasilimali watu. Waandike karatasi moja: jina litabadilika tarehe ipi, choo kipi kwa sasa, nani ataambiwa na kwa maneno gani. Barua pepe kwa ofisi nzima isitumwe bila ridhaa yake. Watafute kwanza chumba kimoja kilichopo tayari, mara nyingi kipo mapokezi au ghorofa ya wakubwa, na kifunguliwe kwa wafanyakazi wote. Wapime umbali: akitumia dakika kumi kwenda na kurudi, hizo zisikatwe kwenye mapumziko yake. Karatasi ipitiwe kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu mwili na mazingira vinabadilika.

Na kwa wenye jamaa Marekani wanaopanga safari: sheria ya Texas iliyoanza 4 Desemba 2025 inahusu majengo ya serikali, shule na vyuo vya umma, na faini inaipiga taasisi. Florida, tangu 1 Julai 2023, ni tofauti: ndani ya jengo la serikali, ukiambiwa na mfanyakazi utoke ukakataa, unashtakiwa wewe. Huko ukiambiwa utoke, toka kwanza, kisha lalamika kwa maandishi.

Dada wa Leicester

Karatasi hiyo naikubali, kwa sharti moja: chumba hicho kikifunguliwa kwa wote, choo cha KE kibaki KE, na masinki yake. Fundi, kuongeza sinki dogo kwenye chumba ambacho hakina, ukuta wa nyuma ukiwa na bomba tayari, ni kazi ya siku ngapi?

Fundi majengo

Bomba likiwepo nyuma ya ukuta, ni siku moja ya bomba, na ya pili ya vigae na silikoni ikauke. Waambie wapime kwanza hiyo mita 1.7.